Springi Fupi za Jirani

Huku Meru watu huinua magari yasikwaruze mawe. Jirani yangu wa Kaaga alishinda Jumamosi nzima uani kwake akiweka springi fupi, mpaka gari likalala kama bata anayeatamia.

Mama yake, mgeni kutoka Kanyakine, alifungua buti akachungulia.

“Hii gari umebebesha nini?”

“Hakuna kitu, mama. Ni staili.”

Mama akanitazama kana kwamba nimeficha ndizi.

Tukamsindikiza stejini. Tuta la kwanza, gari likakwama tumbo. Mama na mimi tukashuka, likapita. La pili, tukashuka tena. La tatu, mama alikataa kupanda. Akatangulia kwa miguu, gari likamfuata polepole kama ndama.

“Jumamosi ijayo,” akaniambia, “nakuja na kamba.”