Ungo Usiopepeta Mchele

Juzijuzi, pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara, kijana wa tai kutoka Dar alitusomesha habari za uwekezaji. Atafunga ungo wa kunasa televisheni za dunia nzima, watu watalipa kiingilio ukumbini kutazama, na kila atakayetoa gunia la mchele atakuwa mwanahisa.

Mama mmoja wa Lupiro akaacha kupepeta. "Mwanangu, huo ungo wako unapepeta nini?"

"Mawimbi, mama! Mawimbi ya angani!"

Watu wakapiga makofi, wakatoa mchele.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Jenereta likanguruma, runinga ikawashwa: chenga tupu, kioo kizima. Kijana akapanda kwenye bati "kuuelekeza ungo vizuri". Akashukia upande wa pili, na hatujamwona tena.

Yule mama akasogea, akagusa kioo kwa kidole. "Tumempa mchele mzima, katurudishia chenga."

Wataalamu wanasema mwekezaji ni mtu anayekubali hatari. Sawa. Ila hapa hatari ilikuwa yetu, mchele ulikuwa wetu, na tuliopigwa chenga ni sisi. Mwenzetu alichangia tai.