Pamba Yenye Miguu

Shangazi yangu alikuwa anapoteza macho yake na alikuwa anatuficha. Ningependa kusema niligundua kwa akili zangu mwenyewe, lakini huo utakuwa uongo mtupu. Waliomuumbua ni wadudu, weupe, wavivu, wadogo kuliko punje ya mchele, waliojikalia kwenye kaktasi zake dirishani kana kwamba wamelipiwa chumba.

Shangazi ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini na moja amefanya kazi katika chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, na kona ya pasi ambayo ni yangu mimi, mtoto wa kaka yake. Wateja wanamwita Mama Pindo, kwa kuwa hata harusi iwe kesho, nguo haitoki mpaka pindo limridhishe. Mdomo anao, tena wa kutosha watu watatu. Mume alifariki, watoto hakujaliwa. Ana mimi, na ana kaktasi kumi na moja kwenye ubao wa dirisha. Ile kubwa, iliyosimama kama nguzo, aliipanda wiki aliyofungua duka, na huiita "mwenzangu". Ukiweka mkoba karibu nayo utasemwa mpaka ujute kuja.

Sasa, kwa fundi cherehani kila kitu kina nyuzinyuzi. Zimo kwenye nywele, zimo kwenye chai. Vipamba vyeupe vilipoanza kuonekana katikati ya miiba, mimi nilidhani ni takataka za mkasi kama zote. Shangazi naye akafanya ambalo fundi yeyote angelifanya: kila asubuhi alichukua brashi laini ya kufutia makoti akazipangusa kaktasi zote, moja baada ya nyingine. Ni sawa na kuwafuta makamasi watoto kumi na mmoja kwa leso moja. Ugonjwa ulikuwa kwenye mbili tu. Baada ya miezi mitatu ulikuwa kwenye zote.

Tulishtuka pale yule "mwenzangu" wake alipoanza kuwa wa manjano kwa chini. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni ukutani kuelekea dirishani, na gauni jeupe lililotundikwa hapo karibu likapata madoa ya kunata. Nikaenda kumwita Mama Miche, anayeuza maua kwenye kona yetu. Alikuja na lenzi yake mfukoni, akainama, akacheka.

"Dada, pamba gani hii yenye miguu?"

Walikuwa vidung'ata. Akatueleza kwamba wanakaa kwenye mifereji ya mmea na chini ya miiba wakinyonya maji yake, wamejifunika unga mweupe. Kile kinachonata ni uchafu wao. Sisimizi wanaulamba, ndiyo maana wanawalinda. Akang'oa kaktasi moja ndogo kutoka kwenye chungu, akatuonyesha mizizi. Nayo ilikuwa na unga.

"Mmeleta mche mpya karibuni?"

Ndiyo. Mteja mmoja alituletea zawadi, tukauweka katikati ya wenzake siku hiyohiyo.

"Ndipo mlipokosea. Mche mgeni unautenga mwezi mzima, unaukagua kila wiki, ndiyo unauchanganya. Na msizibananishe hivi, na maji mnazidisha." Akampa Shangazi lenzi. "Hebu tazama."

Shangazi akatazama kwa muda mrefu. "Ee. Nawaona. Mashetani wakubwa."

Dawa yenyewe ilikuwa uvumilivu zaidi kuliko kitu kingine. Kijiti cha pamba cha masikioni unakichovya kwenye spiriti, unamgusa mdudu mmoja mmoja, mbali na jua kali, baada ya kujaribu sehemu ndogo kwanza. Kaktasi yenye wadudu mizizini unaitoa, unakung'uta udongo wote, unaosha mizizi, unaiacha ikauke kivulini siku kadhaa, unaipanda kwenye udongo mpya wenye mchanga mwingi, na wiki nzima huipi maji. Halafu unarudia kila wiki, kwa sababu mayai yanaanguliwa.

"Na brashi?" nikauliza.

"Chomeni." Nadhani Shangazi angeona nafuu nichomwe mimi.

Jumapili tulifunga duka tukagawana. Mimi tano, yeye sita, akiwemo "mwenzangu" ambaye sikuruhusiwa kumgusa. Alifanya kazi saa mbili huku akiimba na kunisema kwamba nina mkono mzito.

Jumatatu asubuhi nikakagua. Zangu zilikuwa safi. Zake, vidung'ata walikuwa palepale, wanene, familia nzima. Alichokuwa amesugua ni vile vishungi vya sufi ambavyo mmea huvaa wenyewe kwenye shina la kila mwiba. Alikuwa amevikwangua mpaka ngozi ya mmea imechubuka. Damu ikanipanda. Nina hasira za karibu, sifichi.

"Shangazi, jana ulikuwa unasafisha nini?"

"Si wadudu?"

"Wadudu hawa hapa! Umewaruka wote! Umeuchuna mmea bure!"

"Usinipigie kelele ndani ya duka langu."

Nikabeba chungu nikamwekea usoni. "Haya, nionyeshe hata mmoja."

Akanyoosha kidole. Kikatembea polepole, kikaenda kutua juu ya mwiba mtupu, ukamchoma. Hakukiondoa.

"Sioni," akasema. "Sioni, mwanangu. Tangu mwaka jana. Ni ukungu tu."

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona maishani. Kila asubuhi alikuwa akiniagiza nimtungie uzi kwenye sindano kumi, eti kazi iende haraka, nami nikadhani ni ubosi. Alikuwa anashona kwa vidole. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Fundi asiyeona ni nani? Niambie wewe. Wangejua, nani angeniletea kitambaa? Ningekaa mlangoni kuhesabu wapita njia."

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba anaondolewa. Shangazi, aliyeshika mkasi miaka thelathini na moja, aliposikia habari ya kisu aliuliza mlango uko wapi. Tarehe ya jicho la kwanza ilikuwa wiki saba mbele, na katika wiki hizo vidung'ata wakawa wangu peke yangu. Nilikata sehemu ya chini ya "mwenzangu" iliyooza, nikaacha kidonda kikauke wiki mbili, nikampanda upya juu ya mchanga. Kila Jumapili Shangazi aliuliza kutoka kitini, "Wamebaki wangapi?" Wiki ya kwanza nilisema arobaini. Wiki ya sita nilisema wawili. Akasema, "Usinidanganye kwa kuwa sioni," na nikaapa ni wawili.

Alirudi dukani siku ya nne baada ya bandeji kutolewa. Kitu cha kwanza alikwenda dirishani, akainama mpaka pua ikakaribia kuchomwa, akanyoosha kidole bila kusita.

"Na huyu je?"

Alikuwa kidung'ata, mmoja, kwenye mfereji nilioupita. Nilifurahi mpaka nikacheka kwa sauti.

Kisha akageukia nguo. Palikuwa na gauni la mwalimu fulani, alilishona yeye mwaka uliopita, limerudi lipanuliwe kiuno. Akaligeuza. Pindo lilikuwa limepinda likapindika, mshono unapanda na kushuka kama mlevi.

"Nani kashona hili?"

Akatazama lebo aliyoishona mwenyewe, akachukua suruali iliyokuwa pembeni, nayo akaigeuza, halafu sketi.

"Wamevaa hizi?"

"Wamevaa."

"Na hawakusema kitu?"

"Hawakusema, Shangazi. Walirudi na vitambaa vingine."

Akakaa. Akalia wazi, hakujifunika. Nilifikiri yamekwisha, nikaenda kumwekea maji ya chai.

"Njoo hapa," akasema. Alikuwa ananitazama, sawasawa, kwa lile jicho jipya. "Nguo hizi zote zimepita chini ya pasi yako. Wewe uliona?"

Ningeweza kusema nilikuwa na haraka.

"Niliona. Nilikuwa nazinyoosha kwa mvuke, nisikuambie."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Nilimpigia kelele kwa ajili ya wadudu ambao hakuweza kuwaona, na mimi nilikuwa naona kila kitu. Akanisukumia gauni la mwalimu pamoja na wembe wa kufumulia, nikakaa chini, nikaanza kufumua.