Maksai Mwenye Adabu

Josefina wa jirani alivumisha kwamba mchunga ng'ombe wa kijiji cha ujamaa huwaamkia maksai wake kwanza, mkewe baadaye. Adela, ambaye shamba lake lilipakana na njia ya ng'ombe, hakubisha. Kila asubuhi, akiwa shambani na mwanawe Zenon mgongoni, alimsikia mchunga akimbembeleza maksai, "Pita kando, mzee, usikanyage matuta ya mama," fimbo ikichezea hewani tu. Siku moto wa nyika ulipokuja na upepo, mchunga aliwaswaga maksai wote juu ya matuta hayo hayo, kwenye udongo mtupu usioshika moto. Maksai mkubwa akagoma ukingoni, moto ukinguruma nyuma ya mkia wake. Mchunga alimsukuma, akamsihi, wapi! Akamgeukia Adela, jasho likimchuruzika: "Mama Zenon, mwambie wewe kwamba umemruhusu. Mimi leo ananiona mwongo."