Kikombe Anguka

Mpaka leo, mlio wa kikombe cha bati kikigonga sakafu hunirudisha Bugolobi, Kampala, kwenye fleti yetu iliyonukia kahawa ya viwanda vya jirani, nikimsubiri mdogo wangu Mghoi atangaze: "Kikombe anguka." Alikuwa na miaka sita na maneno tele, ila viungo vya maneno, kama kime- ya "kimeanguka", ndivyo vilivyomponyoka. Mama, mzaliwa wa Voi aliyejivunia Kiswahili chake, aliilaumu Kampala. Kweli, majirani walisema "kikombe imeanguka" bila haya. Baba naye alishikilia kwamba Kiluganda ndicho kilichomchanganya mtoto. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, na ikaamuliwa Mghoi apelekwe kwa bibi Voi, akanyooshwe ulimi. Nililia kuliko yeye, maana sikuwa na mwenzangu mwingine.

Lakini neno lenyewe lilinitekenya akili. Majirani waliweka i- pahali pa ki-. Mbona Mghoi hakuweka chochote? Kuuliza si ujinga, nikamuuliza Nnalongo, mama wa mapacha wa mlango wa pili, ambako tulishinda tukicheza. Alinikazia macho, kisha akaangusha kikombe makusudi. "Ekikopo kigudde!" wakapiga kelele mapacha kwa Kiluganda, yaani kikombe kimeanguka, nao ndio kwanza walikuwa wameacha nepi. "Kikopo gudde," akasema Mghoi. Ki- ileile ya Kiswahili imo katika Kiluganda, naye aliidondosha palepale.

Jioni Nnalongo alibisha hodi kwetu, akamwita mama kwa jina langu. "Mama Wakesho, hapana peleka mutoto Voi. Ile ki anaacha kwenu, na kwetu anaacha. Kampala haikumuharibu. Hata huko ataiacha tu." Mama alicheka, halafu machozi yakamtoka. Baba alinung'unika wiki nzima, lakini begi la Mghoi likafunguliwa na nguo zikarudi kabatini.

Siku hizi wapo wataalamu wa watoto wenye shida ya lugha kama yeye. Mmoja aliniambia kila lugha ina mahali pake ambapo watoto hao huteleza, na si kosa la lugha wala la mama. Sisi tulikuwa na kikombe tu, na jirani mwenye masikio. Mghoi sasa anauza vitambaa Makindye, na wateja wanamwelewa vizuri. Juzi nilikuwa kwake, kikombe kikaanguka kutoka mezani.

"Kikombe anguka," akasema.

"Mama, kimeanguka!" binti yake akamsahihisha.

"Haya, wewe sema," akajibu Mghoi, huku akiinama. "Mimi okota."