Ombi Lililosubiri Kibali

Onyo lilimkuta Jescah ameinamia cherehani, anakunja pindo la sketi ya shule. Simu ilitetemeka mezani, akaitupia jicho, na mguu wake ukaganda kwenye kanyagio. Ujumbe ulikuwa mfupi, wa Kiswahili kikavu cha mashine: kundi lake limevunja kanuni za uuzaji wa dawa, na likivunja tena litaondolewa mtandaoni.

Kundi hilo liliitwa Wazazi wa Mashujaa. Alilianzisha mwaka ule binti yake Shantel alipopimwa na kukutwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao Kakamega nzima huuita siko seli, majirani zake mtaani Shirere wakaanza kunong'ona kwamba nyumba ile ina laana. Alipokosa wa kuzungumza naye mtaani, akawatafuta kwenye simu. Walikuja wazazi kutoka Kabras, Lugari na Mumias. Huyu aliuliza mtoto akivimba vidole afanyiwe nini, yule alitafuta mtu wa kutoa damu, mwingine alitaka tu kusema kwamba amechoka. Wengi wao hawakuwa na pengine pa kusemea.

Msimamizi mwenzake alikuwa Barnaba, karani wa Bukura, mtu mpole aliyemzika bintiye kwa ugonjwa huo na bado akakataa kuondoka kundini. Jescah alimpigia papo hapo. Wote wawili walijua shida imetoka wapi. Mwuza mitishamba mmoja aliwahi kuingia akawaahidi kina mama unga wa kuponya siko seli kabisa, akawaambia waachane na kliniki. Walimfukuza. Aliondoka akiapa kwamba kundi lao atalizika, na tangu hapo yalianza kuingia majina yasiyo na picha, yakaweka matangazo ya tembe na kutoweka. Bila shaka aliyeyaweka ndiye aliyekimbilia kuwashtaki kwa kampuni yenye mtandao huo.

"Chifu akikukasirikia unajua baraza lake liko wapi," Barnaba alisema. "Hawa tutawaendea wapi, Mama Shantel?"

Kampuni ile haikuwa na mlango wa kubisha wala nambari ya kupiga. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo ujumbe wowote usionekane kabla mmoja wao hajautolea kibali, na kwamba wenye neno dawa utupwe bila mjadala.

Hofu ikahamia nyumbani. Jescah alisonga obusuma huku simu iko kando ya sufuria, akaenda kanisani nayo mkononi, na kila ilipotikisika akaiwahi kuitazama. Alifuta maswali ya watu wenye akili zao timamu kwa sababu tu yametaja tembe. Mama mmoja alimwandikia faraghani kumwuliza amemkosea nini. Jescah aliusoma ujumbe ule, akaendelea kufuta.

Basi mchana mmoja wa mvua likaingia ombi la mtu aliyejiita Nekoye. Halikuwa na picha, na mwenyewe alikuwa amejiunga asubuhi ileile. Aliandika kwamba yuko Malava, huko ndani kwenye miwa. Mwanawe Bramwel ana siko seli, anachemka tangu jana na analia mgongo. Kama kuna mtu wa karibu mwenye dawa, tafadhali amgawie. Mwishoni akaweka nambari ya simu.

Jescah alilisoma tena. Jina geni, halina picha, linataka dawa. Kama kuna mtego ulioweza kutegwa, basi ulikuwa huu. Akampigia Barnaba na kumsomea.

"Tupa," Barnaba akasema. "Ni yule yule."

"Na kama si yeye?"

Barnaba akasema kwamba kama si yeye, Mungu awasamehe, lakini kundi likifungwa watakaokosa pa kuuliza ni wengi kuliko huyo mmoja.

Jescah aliipiga ile nambari. Haikupatikana. Akaipiga tena, sauti ikawa ile ile ya kumwambia ajaribu baadaye. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Kilichomzuia ni neno moja, kuchemka. Daktari wa kliniki aliwaambia wazazi wote, na Shantel mwenyewe alishalijua: mtoto wa siko seli akishikwa na homa kali hangojewi nyumbani, ni wa kukimbizwa hospitali. Hata akilipitisha ombi, watu wema wangempelekea Nekoye tembe za maumivu, naye angeendelea kumkanda mtoto kwa maji huku saa zinayoyoma. Kulipitisha ni hatari, kulitupa ni hatari.

Ndipo akamkumbuka Wangila, dereva wa trekta za miwa, mkazi wa Malava, baba wa shujaa mmoja, kama kundi lilivyowaita watoto wao. Akaliacha ombi pale pale lilipo, akampigia. Alimweleza yote, hata shaka yake, kwamba huenda huko hakuna mtoto yeyote, ila mtu mwenye kinyongo.

"Mimi nitaenda tu na pikipiki, Mama Shantel," Wangila alisema. "Mtoto akichemkanga hivyo, hatungojangi."

Alipokata simu, Jescah alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa blauzi ndani nje, akaufumua, akaushona vile vile tena. Mwenye blauzi alisimama mlangoni akinung'unika, hakumsikia. Alimwona Wangila amezingirwa kwenye njia nyembamba katikati ya miwa, pikipiki imeangushwa matopeni, kisa yeye. Halafu picha ikageuka, akamwona mtoto asiyemjua, macho manjano kama ya Shantel siku zile mbaya. Hakujua aombe ipi iwe kweli.

Simu ilipolia, aliipokea akiwa amesimama.

"Ni mtoto kweli," Wangila akasema. "Tuko hospitali. Wamemwekea maji."

Alimpata kwa kuuliza kwenye mashine ya kusaga mahindi. Simu ya Nekoye ilikuwa imeisha chaji mara tu alipotuma ombi, naye akakaa akiitazama, akingoja watu ambao wasingeweza kumfikia. Jescah aliketi, akaificha sura ndani ya ile blauzi, akalia.

Bramwel alilazwa, akaongezewa damu, akapona. Barnaba alisafiri kutoka Bukura kumpelekea mchuzi wa ingokho, kuku wa kienyeji. Hakuzungumzia alichosema siku ile, ila alikaa na mtoto mpaka wauguzi wakamtoa.

Na baada ya hayo yote, kundi likafungwa. Jescah alilifungua asubuhi moja akakuta ukurasa mweupe na mstari mmoja wa kusema kwamba halipo. Sababu haikutajwa. Barnaba, aliyezijua barua za kiofisi, aliandika rufaa, wakangoja kama watu waliomwagia maji mchangani. Siku hizo ndizo zilizomtisha Jescah kuliko zote, kwa kuwa simu ilikuwa kimya. Mahali fulani Lugari au Mumias mama alikuwa anaandika swali, na hakuna aliyelipokea.

Kisha likarudishwa, pia bila neno. Hawakuelezwa walikosa nini wala kwa nini wamesamehewa, na hilo halikumpa Jescah usingizi mzuri.

Ile sheria ya kutupa waliiondoa. Sasa ombi lenye neno la hatari husubiri, na mmoja wao humpigia mwenyewe kwanza. Asipopatikana, hutafutwa mzazi wa eneo lake. Ni kazi nyingi, na wateja wa Jescah wamezoea kungoja. Jana Nekoye alimpigia kutoka Malava kumwambia kuna baba mmoja jirani yake, mtoto amepimwa juzi, anaogopa kujiunga kwa sababu amesikia kundi linaweza kufungwa wakati wowote.

"Mwambie ni kweli," Jescah akamjibu. "Halafu umpe nambari yangu."