Mkwe Ndani ya Ukumbi wa Mazoezi

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi waliyomleta Wandera amelazwa kwenye mkokoteni wa pamba, hawezi kusimama, na Msimamizi wa Mazoezi akamcheka: "Karibu, bwana! Leo utaingia, ama tumwite mkweo akubebe?" Nilikuwa na chupa ya mafuta ya kukandia mkononi. Niliibwaga sakafuni. "Kamcheke mamako," nikamwambia. Kazi yangu iliishia hapo. Nyinyi wasichana mnaoitamani, someni.

Siku ya kwanza hapo hospitali ya Tororo, nimetoka sekondari juzijuzi, mwanangu Othieno bado ananyonya, Daktari Mkuu alinieleza mpango wao nikaupenda. Mfanyakazi aliyeumia kazini, maumivu yakagoma kuondoka, hatibiwi na mtu mmoja. Daktari anampima mifupa na mishipa. Msimamizi anamnyoosha viungo kwenye mikeka. Fundi seremala anamrudisha polepole kwenye kazi ya mikono, randa kwanza, nyundo baadaye. Karani wa ustawi anamwombea kazi nyepesi kwa mwajiri. Ijumaa wote wanakutana kumjadili. Mimi nilikanda migongo na kutafsiri. Mpango mzuri, sikatai. Ila mgonjwa mwenyewe hakuitwa Ijumaa.

Wandera alikuwa Msamia wa kijiji cha Masafu, mpakiaji wa marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mgongo ulikuwa umemkaza hata kufunga viatu hawezi. Alifika mlangoni pa ukumbi akaganda. Ndani, mhudumu anayeshika miguu ya wagonjwa wakijinyoosha alikuwa Mama Nekesa, mama mzazi wa mke wake. Mama wa watu akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta. Mwanamume avue shati agaegae chini, mkwe amemshika miguu? Kwetu huku, afadhali afe na mgongo wake.

Nikamwomba Msimamizi, "Mpeleke Mama Nekesa akafue mashuka kidogo, huyu atibiwe."

"Mama Othieno, hapa hospitali, si harusini. Mwenye maumivu ya kweli haogopi kikongwe."

Mama Nekesa naye akaomba atoke. Akaambiwa akitoka asirudi.

Ijumaa wakakubaliana: amekataa matibabu, kwa hiyo ni mzima. Nilipowaeleza habari ya mkwe, Daktari Mkuu akasema kwa ule upole wake unaochoma, "Mama, wewe unatafsiri maneno. Mila tuachie." Wakamrudisha kwenye marobota. Mwezi haukuisha, robota likamlalia, miguu ikafa ganzi.

Siku hizi nalima kijijini Iyolwa, na hasira yangu haijapoa. Mikono yangu inajua kutuliza maumivu, inapalilia mihogo. Hata hivyo sijuti.

Siku ile ya mkokoteni nilikwenda moja kwa moja kwa Afisa wa Kazi wa wilaya, Othieno akilia mgongoni. Akanipa kiti, nikakataa. Nilisema, akaandika, nikatia sahihi:

"Nawashtaki Daktari Mkuu na Msimamizi wa Mazoezi. Wandera hakukataa matibabu, alifungiwa njia. Sababu waliijua, niliwaambia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nataka apimwe na daktari mwingine, asibebeshwe mzigo tena, na tangu sasa mgonjwa aketi kwenye kikao kinachoamua habari za mgongo wake."