Kauri za Bibi

Harufu ya chokaa mbichi hunipandisha hasira mpaka leo, hata nikiwa napita tu penye nyumba inayopakwa.

Tulitoka Usukumani kwa miguu, nyuma ya ng'ombe, tukakatiza misitu mpaka Ugalla. Bibi, mama yake baba, hakubeba chungu wala mkeka. Alibeba kauri zake, vigamba vya konokono wa baharini, zimeshonwa kwenye ukanda wa ngozi, ndogo, nyeupe, laini kama meno ya mtoto. Kila asubuhi alizinyunyizia unga uliokorogwa na maji, akamsalimia marehemu baba yake.

Kisha baba akaokoka. Jumapili moja, mbele ya wageni wa kanisani, aliutupa ule ukanda motoni.

"Mayu, haya ni majini ya baharini!" alimwambia mama yake.

"Bahari gani? Mie bahari naijua? Huyo ni babu yako unayemchoma!"

Kauri zilipasuka pa, pa, kama bisi. Wageni wakapiga makofi. Baba hakutosheka. Jivu jeupe la kauri alilikoroga na maji, likanuka kama chokaa mbichi, akachora msalaba kwenye mlango wa bibi.

Kesho yake bibi alitoka na kibuyu cha unga, akasimama uani muda mrefu, hana pa kuunyunyizia. Mwishowe akaumwaga chini, kuku wakaula.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, baba alitaka kuniwekea mkono kichwani aniombee safari njema. Niliusukuma.

"Kamwombe radhi mama yako," nikamwambia, nikapanda basi.